Jogoo Ndani ya Treni ya Ureno

Kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa jogoo.

Kaka yangu Iddi alikuwa amepiga simu kusema yuko ndani ya treni huko Ureno, amepita kituo kinaitwa Funcheira, anaelekea Lisbon. Sauti yake ilikuwa na furaha kabisa. Halafu nyuma yake jogoo akawika.

Kokorikooo!

"Kaka, hicho nini?"

"Nini?"

"Jogoo."

"Ah, kuna bibi mmoja hapa ana kuku kwenye kikapu. Hawa Wareno, sha, wacha tu! Mwambie Baba niko njiani."

Nikakata simu, nikamwambia Baba: Iddi yuko njiani.

Ninaitwa Naïma. Sisi ni watu wa Buyenzi, Bujumbura, lakini tunakaa Anderlecht, Ubelgiji, ghorofa ya nane, kwenye jengo ambalo lifti yake inapanda siku inapojisikia. Shule niliiacha darasa la tano, Mama alipofariki, kwa sababu lazima mtu apike. Iddi akaendelea kusoma. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Mgeni akibisha hodi, huwa nangoja abishe tena ndipo niamini kweli anatutaka sisi.

Baba alikuwa anakufa.

Hospitalini kule Woluwe walisema dawa zimefika mwisho, arudi nyumbani apumzike. Wakatuletea kitanda kile cha kuinua kichwa kwa kubonyeza, tukakiweka sebuleni karibu na dirisha.

Akilini mwake kulibaki jambo moja tu. Iddi.

Kwenye harusi ya binamu yetu Baba alimkemea Iddi kwa kulewa. Iddi akamjibu matusi mbele ya wageni. Baba akasimama akasema, "Radhi yangu huna." Ukumbi wote ukapoa, hata mwenye muziki akauzima mwenyewe. Iddi aliondoka Ubelgiji bila kuaga. Akaishia Ureno, karibu na São Teotónio, kuchuma matunda ndani ya mabanda ya nailoni.

Sasa Baba alitaka kulifungua lile neno kabla hajaenda.

"Mwambie kwenye simu, Baba," nilimshauri.

"Radhi haipiti kwenye simu. Aje nimshike kichwa."

Kwetu hilo si mchezo. Mzazi akizikwa na kinyongo, mtoto anabaki nacho mpaka kaburini kwake mwenyewe.

Ndege Iddi hakuweza kupanda, kitambulisho chake cha Ubelgiji kilikuwa kimeisha muda. Ikabaki reli na barabara. Mimi, ambaye hata kumwuliza dereva wa tramu naona haya, nilikwenda mpaka kwenye mkahawa wa Wareno kule Saint-Gilles. Nikasimama mlangoni mpaka mwenye mkahawa akanihurumia, akaniita ndani.

Akanieleza kwa Kifaransa cha polepole. Kaka yako apande basi la asubuhi mpaka Odemira. Kituo cha treni, Santa Clara-Sabóia, kiko mbali porini, kwa hiyo aombe mtu mwenye gari amsogeze. Treni ya Lisbon inataka tiketi yenye namba ya kiti. Itavuka daraja refu sana juu ya mto. Ashuke Oriente, mabasi ya kuja Ubelgiji yako palepale.

Nilimfikishia Iddi kila neno.

Na Baba, kila akifumbua macho, swali ni hilohilo. "Amefika wapi?"

Jirani yetu, Maman Rolande, mtu wa Bukavu, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Alikuja na uji, nikamsimulia habari ya kuku wa kwenye treni. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Bon, weye Naïma, treni gani iko na kuku ndani? Ni treni ao ni soko?"

Jioni hiyohiyo Iddi akapiga tena. "Niko juu ya daraja! Mto mpana kama Tanganyika, sha!"

Kokorikooo. Jogoo yuleyule. Anamalizia kwa kukwama, kama mzee anayekohoa.

"Kaka, geuza kamera."

"Mtandao mbovu."

"Kaka. Geuza."

Akageuza. Sikuona daraja wala mto. Niliona kontena wanalolala wachumaji, kamba ya nguo, na jogoo amesimama juu ya ndoo, ananitazama kama mwenye nyumba.

Iddi akaanza kulia.

Aliondoka kweli. Siku ya kwanza wafanyakazi wa treni walikuwa wamegoma. Alipopata treni, alifika Lisbon kweli, akavuka lile daraja kweli. Pale Oriente dereva wa basi akakitazama kitambulisho chake, akamrudishia. Hapana. Akajaribu basi jingine. Hapana. Akarudi alikotoka, kabla hata ya ile simu ya Funcheira.

"Sasa mbona unasema uko njiani?"

"Naïma, mtu anayesubiri hafi. Nikisema siji, Baba atakufa leo. Nikiwa njiani, atakuwepo. Labda wakati huo nitapata namna."

Nilirudi sebuleni.

"Amefika wapi?"

"Lisbon, Baba. Mabasi yamejaa. Anapanda treni ya kaskazini, akatafute basi Porto."

Ndivyo tulivyoanza kumzungusha Iddi Ureno nzima.

Nilijifungia jikoni na simu, nasoma majina ya Kireno kwa kufuata na kidole. Nikajifunza kwamba Coimbra treni kubwa haiingii mjini, inakushusha pembeni na lazima utafute usafiri mwingine. Nikamchelewesha hapo. Aveiro nikamnyeshea mvua. Porto, kituo cha Campanhã, nikamkosesha basi.

"Leo niko wapi?" Iddi ananiuliza.

Namwambia. Halafu naweka spika, anamsimulia Baba, na jogoo huko kafunikwa ndoo.

"Sha, Ureno naijua sasa kuliko Wareno," aliniambia siku moja, tukacheka jikoni mpaka nikaziba mdomo kwa kanga. Tulikuwa hatujacheka pamoja tangu utoto.

Lakini Baba alikuwa anaisha. Nikimgeuza analia kama mtoto. Dawa ya maumivu ilikuwa haifiki tena yalipo maumivu. Na bado kila asubuhi yupo, macho mlangoni.

Maman Rolande alinivuta kwenye korido.

"Écoute, mutoto yangu. Papa alishaisha. Anashikilia tu. Anangojea muntu, na ule muntu hatakuya. Kule kwa bazee kwenye natumikaka nimeona bantu ba vile mingi. Mumuache aende."

"Na Iddi akose radhi?"

"Alors papa ateseke juu ya nani? Juu ya treni?"

Iddi nilikuwa nimeshampandisha treni ya kando ya mto Douro, njia ya polepole kuliko zote nilizoziona kwenye ramani.

Asubuhi Baba akafumbua macho. "Amefika wapi?"

"Pocinho, Baba."

"Baada ya Pocinho?"

Nikaitazama ramani. Nikaikuza, nikaisogeza. Ule mstari mweusi ulikuwa umekoma.

"Hakuna kitu, Baba. Reli inaishia hapo."

Akayatoa macho mlangoni.

"Basi mwambie ashuke."

"Baba..."

"Hawezi kuja. Ndiyo?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nilijua tangu Coimbra. Iddi nimemlea mimi, hajawahi kunisimulia safari kwa utaratibu namna hiyo. Nikawasikia mnacheka jikoni. Nikasema wacha niongeze siku." Akavuta pumzi. "Lakini nimechoka, binti yangu. Lete kichwa."

Nikaweka simu chini.

Nimempikia, nimemwogesha, nimekesha naye. Tangu Mama afariki, Baba hajawahi kuweka mkono juu ya kichwa changu. Nikapiga magoti. Nikainama mpaka paji la uso likagusa godoro.

Mkono ukaja. Mwepesi, mkavu, wa moto.

"Iddi, mwanangu," Baba akasema. "Nimekuridhia. Duniani na akhera, nimekuridhia."

Mkono uko juu ya kichwa changu. Jina ni la kaka yangu.

Halafu akasema, "Mfikishie."

Nilimfikishia. Iddi alilia kwa furaha, akanishukuru, akanibariki. Adhuhuri haijafika, Baba alikuwa ameondoka, na Maman Rolande ndiye aliyemfumba macho. Iddi aliangalia mazishi kwenye simu yake, huko huko kwenye kontena. Hajapata njia mpaka leo.

Watu wananiambia nina bahati, mimi ndiye niliyekuwepo. Pengine. Lakini nyinyi mnaosoma, chukueni hili: msiwape moyo wote walio mbali kwa sababu tu wako mbali. Anayekugeuza kitandani naye ana kiu, ila hana mdomo wa kuomba maji.

Ule mkono ulikaa pale kidogo baada ya maneno kwisha. Nafasi ilikuwepo. Nikanyamaza, kama kawaida yangu, mpaka ukateleza wenyewe.

Leo nasema.

Baba, usiuondoe kwanza. Huyu ni Naïma. Niridhie na mimi.