Kilio cha Mpaka Asubuhi

Kila Jumamosi mimi ndiye ninayemfungulia papa Mukendi maikrofoni, katika chumba chetu cha redio nyuma ya duka la vitenge, barabara ya Chaussée de Wavre. Mzee anakohoa, anaisogeza kofia, halafu anaanza kuilalamikia dunia: kamera kila kona, simu zinazotusikiliza, mzazi asiyethubutu kumkemea mwanawe, watu wanaopima neno kabla ya kulitoa kinywani. Uhuru umekwisha, anasema, na sisi tunashangilia. Wasikilizaji wanapiga simu kumuunga mkono au kumtukana, na mimi napiga miayo. Mwenye kelele hana neno, nilikuwa nikijiambia.

Lakini lipo jambo moja alilolirudia mpaka sauti ikamkauka: kwamba huku Ubelgiji mtu hana hata uhuru wa kulia.

"Kwetu Lubumbashi muntu akikufa, tunalia mupaka asubuyi. Hapa? Une heure, saa moja tu, kisha voisin, jirani yako, anaita polisi. Donc hata machozi iko na heure ya kufunga!"

Oktoba mkewe, mama Sidonie, akafariki. Alikuwa ameugua mwaka mzima, na hospitalini alimwomba mumewe kitu kimoja tu: aliliwe nyumbani, usiku kucha, kama alivyoliliwa mama yake. Mukendi akaahidi.

Binti yao Emmanuella, ambaye ni muuguzi, akamsihi akodi ukumbi. Ukumbi unafungwa saa nne usiku, mzee akakataa. Kilio kingefanyika kwake, mtaa wa Uccle, ghorofa ya tatu, katika jengo alilolilinda mpaka akastaafu, na polisi waje wakitaka. Hotuba ya kuwapokea alikuwa nayo tayari. Alinisomea kwenye simu, na kusema kweli ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kutoa redioni.

Tukaja wengi. Tukasukuma makochi ukutani, tukatandika mikeka, akina mama wakaanzisha nyimbo, na nyumba ikavuma. Saa mbili na kitu mlango ukagongwa. Mukendi akasimama, akafunga vifungo vya koti, akatunyamazisha kwa mkono. Alikuwa Océane, msichana wa ghorofa ya chini, amebeba viti viwili vya kukunja. Akasema kwa Kifaransa chake cha upole kwamba ameona watu wamekaa kwenye ngazi. Akaongeza kuwa tuimbe tu, hata yeye alimpenda madame Sidonie. Mzee akapokea viti na kushukuru. Hotuba ikaishia kooni.

Nyimbo zikaendelea, lakini nikaona watu wanachungulia simu zao. Wa kwanza kuaga alikuwa na treni za kusafisha kituo cha Gare du Midi alfajiri. Wa pili alisema mtu aliyemwachia watoto anataka kurudi kwake. Kisha wakatoka kwa mafungu, wakinong'ona pole na kumbusu mzee shavuni. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia; hawakutuambia nani atabaki. Iliniudhi sana, na sikuwa na wa kumkaripia, maana kila mmoja alikuwa akisema kweli.

Saa nne haijafika, tukawa tumebaki watatu: mzee, binti yake na mimi. Emmanuella akachukua koti lake.

"Papa, kesho niko na service ku hospitali asubuyi sana."

"Nani anakukataza kubakia, mama?"

"Hapana muntu, papa." Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta. "Hii njo kuchoka tu. Nimechoka."

Nikangoja hotuba. Mukendi akamshikia binti yake koti mpaka mikono yote miwili ikaingia, akamsindikiza hadi kwenye lifti. Aliporudi alikaa mkekani, akaanza tena wimbo alioupenda mkewe, kwa sauti ya chini kabisa, ingawa hakuna aliyemwambia apunguze.