Nywele Kiganjani

Chupa ya shampuu ilikaa kwenye dirisha la bafu letu pale Nyansiongo mpaka jua likapausha picha ya yule mwanamke mwenye nywele ndefu. Binti yetu alikuwa amemletea mama yake kutoka Nakuru. Mama yake akaitumia mara moja, akasema inamchoma ngozi ya kichwa, akaifunga. Sikujali. Nilianza kuitazama kwa makini baada ya mke wangu kuvunjika mkono, kwa sababu chupa haikupungua hata kidogo na kichwa chake kilizidi kuwa safi.

Huyu ni mke wangu wa pili. Wa kwanza yuko Marani, kwenye shamba nililoachiwa na baba. Niliwaweka mbali hivyo kwa makusudi. Anayetaka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine lazima apite Kisii mjini abadilishe gari, na mimi nilidhani mji mzima ukikaa katikati yao utatosha kuwa ukuta.

Mke mdogo aliteleza asubuhi moja ya mvua akitoka kukamua, akaangukia mkono wa kulia. Alifungwa plasta, na ilipofunguliwa vidole vilikuwa vigumu kama vijiti. Akaambiwa awe anarudi hospitalini Kisii kila Ijumaa kufanyishwa mazoezi. Akawa anaondoka baada ya chai ya asubuhi na kurudi jioni, kabla jua halijatua na Sabato kuingia.

Alikuwa anarudi mtu mwingine. Aliondoka kitambaa kimemkaza kichwa kama cha mgonjwa, akarudi kitambaa kimelegea, na chini yake nywele laini, zimegawanywa vizuri, zimesukwa mabutu yaliyolala sawasawa. Mtu wa mkono mmoja hajisuki mabutu. Nilijifanya napita nyuma ya kiti chake nikanusa. Hakukuwa na harufu ya shampuu wala ya mafuta ya saluni. Kulikuwa na moshi kidogo, na samli.

Samli yenyewe ilikuwa yetu. Aliitoa kwenye maziwa ya ng'ombe wetu, akaihifadhi katika kopo lenye kifuniko cha buluu. Kopo hilo niliona likiingia mkobani kila Ijumaa na kurudi tupu. Hapo wivu wangu ukapata kitu cha kutafuna. Nikiwa shambani nakata nyasi, nilimwona akilini mwanamume fulani akitia samli yangu kwenye mboga zake, analamba vidole, kisha anakilaza kichwa cha mke wangu gotini pake na kuanza kukisuka. Mwanamume huyo hakuwa na uso, lakini alikuwa na nywele nyingi. Mimi sina hata unywele mmoja utosini.

Nilimuuliza siku moja, kwa sauti ya mtu asiye na haja kubwa ya jibu, kama siku hizi hospitalini wanaosha watu nywele.

"Wanaoshwa wanaoomba," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Jibu lilinipita. Nililielewa baadaye, na nitalieleza.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia naenda kutafuta dawa ya ndama, nikamtangulia mjini. Nilisimama kwenye baraza la duka la pembejeo, mkabala na lango la hospitali, nikijifanya nasoma mabango ya mbolea. Alitoka kabla ya saa sita, akifungua na kufumba vidole jinsi alivyofundishwa. Hakuelekea kwenye magari ya kurudi Nyansiongo. Alivuka barabara, akapita wauza ndizi, akaingia gari la Marani.

Marani ni kwetu. Na Marani yuko binamu yangu mmoja, mgane, mwenye duka na meno yake yote, ambaye tangu tukiwa shule ya msingi alitaka chochote nilichoshika mkononi. Uso wa yule mwanamume ukawa umepatikana.

Nilichukua bodaboda. Nilimhimiza kijana aendeshe mbio mpaka akaniuliza, "Mzee, kuna msiba?" Nikamwambia huenda ukawepo.

Dukani kwa binamu yangu nilimkuta amelala kwenye benchi nyuma ya meza, mdomo wazi, nzi anatembea kwenye shavu lake. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Sijawahi kukasirishwa namna ile na mtu asiyefanya kosa. Nilikaribia kumwamsha nimuulize kwa nini hayuko na mke wangu.

Ilibaki njia moja tu, ile inayoteremka kwenye migomba mpaka kwenye boma langu mwenyewe. Sikuwa nimeipita kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Nilipofika karibu na choo cha zamani nikasikia kicheko. Nilikijua. Ni kicheko alichokuwa nacho mke mdogo nilipomwoa, na mimi nilikuwa nimeamini kwamba umri ndio uliokimaliza.

Nilijificha nyuma ya mgomba, mtu mzima, na koti la kwenda mjini.

Mke mdogo alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, ameinamisha kichwa juu ya karai. Mke mkubwa amesimama mbele yake, mikono ya sweta imekunjwa, jagi mkononi. Kando ya mafiga kulikuwa na majivu ya maganda ya ndizi yaliyochujwa kwa kitambaa, na yale maji yake ya rangi ya chai hafifu. Aliyatia kidogo tu kwenye maji ya mvua yaliyopashwa moto, akajaribu kwa kiwiko kama anayetaka kuogesha mtoto mchanga, ndipo akamwaga. Vidole vyake viliingia nywelani polepole, kuanzia nyuma ya masikio. Akasuuza, akasuuza tena kwa maji matupu. Kisha akafungua kopo la kifuniko cha buluu, akachukua samli kwa ncha za vidole.

Nilizijua hatua zile zote. Mama yangu alituosha hivyo hivyo, na mke mkubwa alijifunza kwake alipoletwa pale akiwa msichana. Ilikuwa kazi ya nyumba yetu, imo mikononi mwa wanawake wangu, na mimi naichungulia kama mwizi wa ndizi.

"Inamisha, mke mwenza," mke mkubwa alisema. "Shingo hii ni ya mtu au ya twiga?"

"Ni ya mtu aliyesubiri kuoshwa na mzee."

"Yule? Yule nywele zake mwenyewe zilimtoroka."

Wakacheka mpaka jagi likatikisika.

Sasa nieleze. Plasta ilipokuwa ingali mpya, mke mdogo aliniomba nimwagie maji kichwani. Aliniomba kwa upole, amekwisha kuleta beseni. Nilimwambia mimi si mwanamke, amwite jirani. Hakumwita jirani. Alikaa na kichwa kile, akijikuna kwa mpini wa kijiko, mpaka siku alipokutana na mke mwenzake kwenye foleni ya hospitali, yule akiwa amekwenda kupimwa presha. Kitambaa kilikuwa kimemteleza. Mke mkubwa alitazama nywele zilizojisokota, akamuuliza nani anamwosha. Akasema hakuna. Ndivyo ilivyoanza. Haya niliambiwa siku ileile ya migombani, baada ya kuonekana.

Lakini bado sijasema jambo lenyewe. Kwetu hakuna asiyejua kwamba nywele za mtu haziachwi ovyo. Zikiokotwa na mwenye nia mbaya, mwenye nywele huugua, au huzaa watoto wasiokaa. Mke mdogo alipozaa mara ya kwanza nywele zilianza kumtoka, kama zinavyowatoka wazazi wengi. Akaogopa. Nami nikaona nafasi. Nilimwambia Marani kuna mtu anayeokota nywele za watu. Sikutaja jina. Nilimwacha alitafute mwenyewe. Tangu hapo hakukanyaga boma lile, na akienda kunyolewa alifagia sakafu ya kinyozi kwa mkono wake. Kwa mke mkubwa nako nilipeleka maneno, kwamba mwenzake anamwita kisiki kisichochipua. Kwa Ekegusii, lugha yetu, chuki ya wake wenza ina jina lake, engareka. Watu husema huzuka yenyewe kama magugu. Ile ya nyumbani kwangu niliipanda kwa mkono, nikaipalilia, kwa sababu wanawake wakichukiana kila mmoja humngoja mume.

Na sasa yule niliyemtisha ameinamisha kichwa mbele ya yule niliyemsingizia, macho yamefumbwa.

Mke mkubwa alimaliza kupaka samli, akachukua kitana cha mti, akaanza kuchana. Nywele zilizokatika zilibaki kwenye meno ya kitana. Alizitoa moja moja. Hakuzitupa. Alizikusanya, akazizungusha kwa kidole zikawa kitonge kidogo, akakiweka kwenye kiganja cha mke mdogo na kumfumba vidole juu yake, vile vidole vigumu, kimoja baada ya kingine.

"Zako hizi. Zote zipo."

Mke mdogo akanyanyuka, akazitia motoni mwenyewe, akarudi akaketi. Walilifanya jambo hilo bila kucheka na bila kuangaliana. Niliona wamekwisha kulifanya mara nyingi.

Nilijua namna ya kupambana na mwanamume. Nilikuwa nimepanga hata maneno, njiani. Hapa hapakuwa na mwanamume. Sikuona wivu kwa ajili ya mke mdogo peke yake. Niliwaonea wivu wote wawili, mmoja kwa vidole vyake na mwingine kwa kichwa chake. Nilitamani binamu yangu angekuwepo pale uani, nipate mtu wa kumshika shati.

Huenda niliguna. Mke mkubwa alisema bila kugeuka, "Aliye kwenye migomba atoke. Chai ipo."

Nilitoka. Mke mdogo alinitazama tangu viatu mpaka kofia, akauliza kama dawa ya ndama ilipatikana. Mke mkubwa aliendelea kuchana upande uliobaki. Alipomaliza akakitengeneza kitonge kingine, na safari hii akanyoosha mkono kwangu.

"Shika, mzee. Mwambie mwenzangu hizi huwa nazipeleka wapi."

Nikazishika. Zilikuwa na unyevu na uzito wa hewa tu. Kulikuwa na nyeusi chache, nyingine zote nyeupe. Nikasema sikuwahi kumwona akiokota nywele za mtu. Nikasema nilisema uongo. Nilidhani nikimaliza kusema kitatokea kitu, watalia, au watanifukuza. Mke mkubwa aliitika tu kwa koo, kama anayesikia bei ya sukari. Walikuwa wamejua siku nyingi. Walichokuwa wakisubiri ni kunisikia.

Nilibaki nimefumba mkono. Nilifurahi, nitasema kweli. Kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa nimeshika kitu. Mke mdogo akanyoosha mkono wake mbovu na kuufungua kadiri ulivyoweza.

"Nirudishie," akasema. "Ni zangu."

Nilimwambia nitazichoma mimi, moto uko pale hatua chache. Mkono wake aliuacha wazi, hakuushusha. Aliyefundishwa na mimi kumwogopa mke mwenzake sasa alikuwa akiogopa kuziacha kwangu. Nikazirudisha. Akazitazama kiganjani, nadhani alikuwa akiangalia kama zimetimia, kisha akazipeleka motoni.

Ijumaa iliyofuata niliamka mapema, nikakinga maji ya mvua kwenye ndoo, nikachoma maganda ya ndizi nyuma ya zizi na kuyachuja majivu kwa shati langu la zamani. Nikapasha maji. Nikaweka beseni kwenye kigoda mlangoni, na jagi kando yake. Alitoka na mkoba begani, kopo la kifuniko cha buluu limetokeza. Akachovya kidole kwenye maji ya majivu, akakisugua na kidole gumba.

"Makali haya. Yatanitoa ngozi."

Nikamuuliza mwenzake hutia kiasi gani.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Njia ya kwenda kwake unaijua."

Akashuka kwenda barabarani. Mabutu yake ya wiki iliyopita yalikuwa bado yamelala vizuri. Nilisubiri mpaka gari likapita, nikayamwaga maji ya majivu kwenye miti ya ua. Yale ya mvua niliyaacha kwenye beseni, nikaenda kutafuta koti la kwenda mjini.