Mkamwana wa Ukurasa wa Sitini na Moja

Mwalimu Yonathani Silungwe alikuwa na kanuni moja ambayo wanafunzi wake waliijua kabla ya kulijua jedwali la kuzidisha: kazi ya mwenzako si kazi yako. Mtoto aliyekamatwa akitazamia alisimama mbele ya darasa, akataja kwa sauti jina la aliyemtazamia, kisha akakaa. Fimbo haikuhusika. Nilifundisha naye Tunduma miaka tisa na sikumwona akimwachia mtoto yeyote, hata wa mwenyekiti wa kamati ya shule. Nilimheshimu kwa hilo, na ndiyo sababu naandika habari zake bila kumpunguzia.

Zaidi ya chaki alitaka kitu kimoja, kuitwa mwandishi. Alikuwa amesoma riwaya nyingi za kipelelezi, akajua zinavyoundwa kama seremala anavyojua kiti. Lazima awepo inspekta asiyelala, mwanamke mrembo asiyeaminika na gari jeusi, na kila sura imalizike bastola ikiwa imemwelekea mtu. Mwaka 2012 aliandika ya kwake kwa kalamu katika madaftari manne. Inspekta wake aliitwa Makene. Adui alikuwa kompyuta iliyofungwa mpakani, yenye kufikiri yenyewe, iliyowahoji wasafiri na kuamua nani avuke. Riwaya aliiita Akili Bandia. Alitaka wasomaji wajiulize: mashine ikimwonea mtu, mwenye kosa ni nani? Ni mashine, ni aliyeiunda, au ni aliyeikabidhi geti? Swali zuri. Alilijibu kwa hotuba ya Inspekta Makene, kurasa nne mfululizo.

Mkewe, Aida, alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi. Yeye ndiye aliyeichapa.

Kwao Aida ni Mbebe, kule Ileje. Mkamwana, yaani mke wa mtoto wa kiume, hamtaji baba mkwe wake kwa jina, wala halitamki jina linalokaribiana nalo. Baba yake Yonathani aliitwa Enoka. Kwa sababu hiyo Aida, akisoma kanisani kitabu cha Mwanzo, Henoko alimwita "yule aliyekwenda pamoja na Mungu", na hakuna aliyemshangaa.

Yonathani, kwa kutaka kumheshimu baba yake, aliliingiza jina lile katika sura ya saba. Mwanamke mwenye mtoto mgonjwa mgongoni anafika getini. Mashine inamuuliza jina la baba mkwe wake. Anajibu mara moja, "Enoka," na geti linafunguka.

Aida alisimamisha vidole.

"Baba Goodness, hapa siwezi."

Yonathani alikuwa akisahihisha mitihani ya majaribio ya darasa la saba. "Huwezi nini? Herufi tano hizo."

"Unajua ni herufi za nani."

"Basi weka nukta. Nitajaza mwenyewe."

Aliweka nukta. Akaziangalia, akaona kwamba hata yule mwanamke wa hadithi asingeweza kutamka. Akafuta jibu lake, na mahali pake akaandika nusu ukurasa. Mashine inauliza mara ya pili. Mwanamke anatazama chini. Mashine inahesabu hadi kumi, inaandika kwenye kioo ANAFICHA, na geti linabaki limefungwa. Mtoto mgongoni ameacha kulia.

"Nimegusa pale kwenye mkwe," alimwambia mumewe. "Usome kabla hujapeleka."

"Sawa, sawa," alijibu, akaipeleka Mbeya kwa mchapaji bila kusoma.

Vitabu vilipofika, watu walianza kwa kucheka. Tunduma neno bandia tunalijua kwa betri na simu.

"Mwalimu, hiyo akili ni ya Kichina?" aliuliza muuza simu mmoja. "Ina waranti?"

Lakini kitabu kilisomwa. Siku moja tulikuwa tunatoka shuleni mimi na Yonathani, akatusimamisha Enesi, muuza mitumba, ambaye sikuwahi kumwona na kitabu chochote isipokuwa cha nyimbo.

"Mwalimu, umenitoa machozi," alisema. "Yule mama ni mimi. Nilipokwenda kujiandikisha, karani aliniuliza jina la mkwe. Nikanyamaza. Akanifokea mbele ya watu kwamba ninaficha. Nani amekuambia mambo yetu sisi wakamwana?"

Yonathani hakujua anazungumzia nini. Akachukua kitabu mkononi mwa Enesi, akakisoma pale pale amesimama, ukurasa wa sitini na moja. Niliona masikio yake yakibadilika rangi.

"Mwandishi huchunguza," alisema, akamrudishia.

Kanuni yake aliivunja hapo, barabarani, mbele yangu.

Angeweza bado kuirekebisha, lakini wivu ulimwahi. Dereva wa lori kutoka upande wa Nakonde alimkuta stendi, akamwita Bamwalimu, kama wanavyoheshimu kule ng'ambo. "Bamwalimu, ile ya mama kunyamaza nimeisoma mara tatu kwenye foleni. Ya inspekta niliruka."

"Uliruka?"

"Yule anaongea sana, Bamwalimu."

Tangu siku hiyo kila nakala aliyoiona aliigeuza na kutazama ubavu wake. Zote zilikuwa na weusi wa vidole mahali pamoja. Kurasa nne za hotuba zilikuwa safi kama zilivyotoka kiwandani. Akaanza kupita kibandani kwa Aida bila sababu, akisimama nyuma ya kiti chake.

"Unaandika nini?"

"Barua ya mteja, anaomba kazi."

"Mbona unatabasamu?"

"Ameandika anajua lugha saba, Baba Goodness. Ya Kiswahili peke yake ina makosa kumi."

Hakucheka. Mteja alipotoka, alipekua karatasi zilizotupwa kwenye ndoo, akitafuta hadithi. Hakukuwa na hadithi. Aida alikuwa hana hamu ya kuandika kitabu. Alichotaka ni mumewe aseme, mara moja tu, kwamba ukurasa ule ni wake. Alimwambia hivyo waziwazi, na Yonathani akaahidi kulisema siku ya mkutano wa wasomaji katika kituo cha walimu Vwawa.

Siku hiyo Aida alikaa mstari wa pili na kitenge kipya. Yonathani alisoma hotuba ya Inspekta Makene, watu wakavumilia. Kisha Mwalimu Nikodemo, aliyetoka Itaka, alinyoosha mkono.

"Kitabu hiki kinafanana na vingine vya aina yake," alisema, "isipokuwa ukurasa wa sitini na moja. Pale nimeelewa kwa nini mashine haiwezi kupewa geti. Inajua kuhesabu hadi kumi, haijui heshima. Ule uliupata wapi?"

Aida aliweka mkoba chini.

Yonathani alimtazama mkewe, akaona watu wamegeuka kufuata macho yake. Nadhani ni kule kugeuka kwao kulikomshinda.

"Niliupata kichwani mwangu," alisema. Wakapiga makofi.

Tulirudi gari moja, nao wamekaa mbele yangu. Tulipokaribia Tunduma, Aida alimgeukia.

"Mtoto wa darasa la nne ungemsimamisha ataje jina."

"Nilikuambia uweke nukta. Nilikuambia uweke hadithi?"

"Hukuniambia."

"Basi. Wewe ni mpiga chapa."

"Ndiyo," alisema Aida. "Nimekusikia."

Mwaka uliofuata nakala ziliisha na mchapaji akataka kurudia. Yonathani aliketi mwenyewe kwenye kompyuta ya shule, akichapa kwa vidole viwili, akaifuta ile nusu ukurasa. Mwanamke akajibu "Enoka", geti likafunguka. Nafasi iliyobaki akamwongezea inspekta hotuba. Nilimwonya. Alinijibu kwamba kitabu lazima kiwe cha mtu mmoja. Kwa hilo alikuwa mkweli: toleo hilo lilikuwa lake tupu.

Enesi alikuja kumnunulia dada yake. Akafungua moja kwa moja ukurasa alioujua.

"Mwalimu! Huyu mkamwana kamtaja mkwe! Ana wazimu?"

"Nimerekebisha."

Enesi alikirudisha juu ya meza, taratibu. "Hapana, Mwalimu. Hii ndiyo bandia."

Neno hilo lilizunguka stendi nzima kabla ya wiki kwisha.

Yonathani alipomaliza madaftari ya riwaya nyingine alimpelekea Aida kibandani. Aida aliyatazama bila kuyagusa. "Nina kazi za wateja," alisema. Bado wanaishi nyumba moja, wanakula meza moja, na kanisani wanakaa pamoja.

Leo ni mwaka 2015. Nakala mia nne na sitini za toleo la pili zimo katika stoo ya shule. Madaftari mapya hayajachapwa. Aida anachapa barua za watu wote wa stendi, na tangu safari ile ya Vwawa hajasoma mstari hata mmoja wa mumewe.