Nati Nne za Jeep ya Kinsevere

Siku ya kwanza kazini sikugusa nyundo. Nilipewa ndoo ya bolti na nati zenye kutu, nikaambiwa nikae chini nizitenganishe: za inchi huku, za milimita kule. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na cheti mfukoni, nikaona nimetukanwa.

Hiyo ilikuwa karakana ya magari ya mgodi, hapa Lubumbashi, miaka ile ya Zaire tulipoitana sitwayeni, yaani raia, hata tukigombana. Kapita wetu, yaani msimamizi wa mafundi wa bodi, alikuwa mzee mfupi mwenye asili ya Kasai na vidole vinene. Kazi yetu ilikuwa kufufua jeep kuukuu zilizobaki tangu wakati wa wakoloni. Wanajiolojia walizipenda, maana zilipita kwenye matope ambako magari mapya yalikwama.

Jeep zile zilitengenezwa Uingereza, zikafungwa kwa bolti za inchi. Vitu vingine vyote mgodini vilikuwa vya milimita. Nati ya milimita nane huingia kwenye bolti ya inchi mzunguko mmoja au miwili, kisha hugoma. Ukiilazimisha kwa ufunguo, kwa macho utaona imekaza vizuri, kumbe ndani meno yamekwisha kulika. Barabara mbaya itaitoa.

"Kwanza bidole, kiisha funguo," Kapita alituambia kila asubuhi. "Nati ikikatala bidole, iko inakuambia kitu. Usiipige na nguvu."

Bodi yenyewe ilikuwa ya alumini, na alumini ina tabia zake. Ukiigonga sana inakuwa ngumu na kupasuka, kwa hiyo kwanza tuliilainisha kwa moto. Tulipaka sabuni ya kufulia juu ya bamba. Sabuni ikigeuka rangi ya kahawia, unaondoa moto mara moja, la sivyo bamba linayeyuka mbele yako. Kisha unashika tasi, kile kipande kizito cha chuma, nyuma ya mahali palipobonyea, na kugonga polepole kwa mbele. Mahali alumini ilipokutana na chuma tuliweka mpira mwembamba katikati, kwa sababu vikigusana vinaoza. Nilijifunza haraka, nikaanza kujisifu.

Nilikuwa katika miezi mitatu ya kujaribiwa. Mke wangu alikuwa kwa mama yake na mimba ya kwanza. Nisipothibitishwa, hakuna nyumba ya kambi wala posho ya unga, na mtoto angezaliwa mimi nikiwa natangatanga. Hilo nililiwaza hata nikila.

Mwezi wa tatu wa majaribio tukapewa jeep ya injinia mmoja wa jiolojia, aliyetakiwa kwenda kwenye machimbo ya Kinsevere. Desturi yetu ilikuwa kuchora gari kwenye katoni na kuchomeka kila bolti na nati yake mahali pake. Mimi, kwa ujuaji, nati nne za bawaba za mlango wa dereva nilizitia mfukoni. Zikapotea. Niliogopa kusema, na Jumatatu nikachukua nne za milimita, nikazikaza kwa ufunguo mrefu mpaka zikalia. Siku ya Alhamisi jeep ikapakwa rangi. Iling'aa, na watu wakanipongeza.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuondoka. Asubuhi nilimwona dereva, baba wa watoto sita, akifuta kiti chake huku akiimba. Nilimwendea Kapita.

"Papa Kapita, ule mulango niliufunga na nati ya milimita. Zote ine."

Alichukua ufunguo, akanipa mimi. Nilizifungua nati za mlango uleule mbele ya karakana nzima, rangi mpya ikichubuka. Shefu wa garaji, bwana wa abakosti, ile suti ya Kizaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi, akaja mbio.

"Lakini, Kapita! Injinia anangoya! Huyu iko mu majaribio tu, umuondoshe leo leo!"

Kapita alijibu bila kuinua sauti. "Shefu, bale bengine makosa yabo sijue. Ya huyu minajua."

Shefu alituangalia, akaangalia mlango, akaenda zake. Nati za inchi tulizitoa kwenye jeep iliyokufa uani, zikaingia kwa vidole. Gari liliondoka Jumatatu. Mwisho wa mwezi nilithibitishwa, na nililia bila haya.

Baadaye nilihamishiwa Likasi, halafu Kolwezi, nikarudi Lubumbashi nikiwa kapita mimi mwenyewe. Siku yule Kapita wangu mzee alipostaafu nilimsindikiza hadi kwake, mtaa wa Makomeno. Njiani nikamshukuru kwa siku ile ya mlango. Akacheka sana.

"Nilijua siku ine mbele useme. Kila nati nilikuwa najaribia mangaribi, kisha nyinyi bote kutoka. Nilikuwa nakungoya."

"Na kama singekuya?"

"Jeep haingetoka. Na weye haungeingia."

Nilisimama barabarani. Siku zile zote nilidhani nabeba siri peke yangu, kumbe mtu alikuwa ananingoja niiseme.

Nami sasa nimestaafu. Vijana wananiletea jeep za zamani nyumbani tuzifufue pamoja, na mikono yao ni mizuri kuliko yangu ilivyokuwa. Wakishaondoka napitia kazi yao. Juzi nilikuta nati moja imelazimishwa. Sijasema kitu. Gari halitoki mpaka Jumamosi, na leo ni Jumatano.