Kampuni Zilizofungwa

Shangazi yangu ni profesa wa uhasibu, lakini cheo hicho nusura kimpite, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikuwa naishi kwake, mwanangu bado ananyonya. Meza ya chakula ndiyo ilikuwa ofisi yake. Sisi tulikula sebuleni, sahani mapajani. Utafiti wake alinieleza hivi: kampuni ikipata faida hukatwa kodi, na wenye hisa wakigawana kinachobaki, wanakatwa tena. Je, wakipunguziwa hiyo ya pili, watakuza biashara au watatia mfukoni? Makala yake ilijibu kwamba wanakuza. Ikasifiwa sana, na jina lake likapelekwa kwenye kamati ya uprofesa.

Ana tabia moja: kazi yake huwapa wanafunzi waitoboe. Mmoja wao tulimwita Kiwembe. Jioni moja akaja, akakataa hata chai.

"Mwalimu, samahani. Kampuni zilizofungwa ziko wapi?"

"Zimefungwa, baba. Ziwe wapi tena?"

Tukacheka. Kiwembe hakucheka. "Basi umehesabu zilizopona tu. Ni kama kuwauliza waliofaulu kama mtihani ulikuwa mgumu."

Shangazi akavua miwani. Mwanangu akaidaka, akaitia mdomoni, na hakuna aliyemnyang'anya.

Kesho yake alimpigia mkuu wa kitivo, akaomba jina lake liondolewe. Sauti ya mkuu niliisikia mpaka jikoni: "Dada yangu, tulia! Pata cheo kwanza, ndipo usahihishe hata mara kumi!"

"Nitakivaaje, mkuu, na kazi yenyewe inavuja?"

Cheo kikaenda kwa mwenzake. Yeye akaanza upya, akisaka kwa mawakili na wahasibu wastaafu hesabu za kampuni zilizokufa. Mwanangu alijifunza kutembea kwa kushika kiti chake.

"Shangazi, pumzika basi."

"Mwambie huyo anayenivuta sketi."

Jibu likageuka. Kodi ya pili ilipopunguzwa, kampuni nyingi ziliwagawia wenye hisa fedha zote, zikabaki tupu, zikafa. Akasimama mbele ya walewale waliomsifu, akasema alikosea, akaonyesha wapi. Mmoja akamchokoza: "Sasa tuamini lipi, mama?"

"Hili. Na ukiona tundu, usinionee haya."

Uprofesa aliupata kwa makala hiyo ya pili, yenye jina lake na la Kiwembe. Mkuu alipopiga simu kumpongeza, Shangazi alimwomba apige baadaye. Alikuwa na wanafunzi.