Kaa wa Kijito cha Chini ya Kahawa

Huku Iyula kahawa tunaimenya wenyewe nyumbani. Tangu nilipoolewa, mashine ya kumenyea tuliishusha kando ya kijito kila msimu, maana kazi ile inakula maji, na yale maji machachu ya maganda tuliyaachia humo humo. Wakati ule kaa walikuwa tele. Wanawake niliochota nao maji pale nawakumbuka wote kwa majina, na hakuna aliyewahi kusema kaa watakwisha.

Sasa wamebaki wa kutafuta. Mwaka huu wajukuu wangu wawili, dada wa darasa la nne na mdogo wake wa kiume ambaye hajaanza shule, walileta mmoja kwenye ndoo wamchome. Nikamgeuza chali, nikafunua kile kifuniko cha tumboni. Watoto walijaa humo, wadogo kama punje za ulezi, wanachezesha miguu. Mdogo akauliza kama mama yao amewameza. Nikamwambia hapana mume wangu, amewabeba, kama nilivyombeba baba yako kwenye kanga. Hamu ya kuchoma ikawaisha. Wakamrudisha, wakawa wanashuka kila jioni kumchungulia.

Siku ya kumenya, mwanangu akabeba mashine kuipeleka kijitoni. Yule dada mtu akasimama njiani.

"Baba, maji ya kahawa yatawaua watoto wa kaa."

Baba yake akacheka, akamuuliza kama kaa ndiye atakayemnunulia sare. Mtoto hakucheka. Sikutaka kumsema mwanangu mbele ya wanawe, nikamwita pembeni, nikamwambia tuchimbe shimo huku juu mgombani, maji yaishie humo.

"Mama, kahawa imeshachumwa, ikilala itaharibika. Na maji ya kuoshea nani atayapandisha?"

"Sisi," akasema binti, na wala hakuwa ameitwa.

Nikaanza kuchimba. Mwanangu akaniangalia kidogo, akaninyang'anya jembe, akisema nachimba kama naogopa kuuumiza udongo. Watoto wakapandisha maji mpaka wakalalamikia shingo. Kazi ya asubuhi ikala siku nzima, lakini kijito chetu hatukukigusa.

Kesho yake maji yakaja machafu vilevile, kutoka kwa jirani wa juu. Kaa walikuwa wamepanda ukingoni, na yule mwenye watoto alikuwemo. Tukawaokota, tukawahamishia kwenye chemchemi ya pembeni. Binti akaniomba nikaongee na jirani. Nikamwambia aende mwenyewe, kwa kuwa mimi na yule mzee tungeishia kuulizana habari za miguu inayouma.

Akaenda. Aliporudi alikaa kwanza, akanywa maji.

"Bibi, amenicheka. Nikamweleza watoto wa kaa walivyobebwa. Amesema atachimba Jumamosi, ila sisi tukampandishie maji."

Nikamwambia basi Ijumaa walale mapema.