Pembe kwenye Karai

Tangu mami apooze upande mmoja, sijalala nje ya chumba chetu cha Makongeni. Wenzangu wanaochunguza mimea hupanda mlima wa hifadhi, ule ulio ng'ambo ya Thika, wakipekua kingo zenye majimaji huku wakijihadhari na nyati. Mimi hubaki nikibadilisha shuka. Inaniuma, sitadanganya.

Mvua iliyopita wakanionea huruma, wakaniletea karai lililojaa udongo. Juu yake kulikuwa na mimea bapa, laini, jamaa ya kuvumwani, ile mimea ya kijani inayotambaa penye unyevu, isiyo na ua wala jani. Hutoa vipembe vyembamba vya kijani. Kipembe kikiiva hupasuka kikatoa vumbi la kuzalia: la manjano ni aina moja, jeusi ni nyingine. Ya manjano tayari tulikuwa nayo kutoka mlima huo. Hii ikitoa jeusi, mlima una aina mbili, na ya pili ningeipata mimi niliyefungiwa hapa. Nilikuwa naomba hicho kimoja tu.

Nikainyunyizia maji ya mvua, nikaikinga jua. Mami alinicheka kutoka kitandani.

"Wenzako wanalea watoto, wewe unalea ukungu!"

Jumamosi moja nikakuta ncha za vipembe zimekuwa za kahawia. Haiya! Nilicheza palepale, kwa sababu sasa ilikuwa inaiva. Nikampa mami uji, nikaenda Ruiru kumchukulia dawa.

Huku nyuma akina mama wa kanisa wakaja kumwombea. Hao hawaombi kabla ya kukunja mikono ya nguo: wanafua, wanaosha vyombo, wanapiga deki, ndipo waimbe. Niliporudi, nyumba ilinuka dawa ya madoa na karai lilikuwa limepinduliwa mlangoni, safi kabisa.

"Mami, mimea yangu iko wapi?"

"Si ilikuwa imeanza kuoza? Nimeona vichwa vikiwa vya kahawia. Nikawaambia wamwage, wasugue na dawa, usije ukaaibika mbele ya wageni."

Ngai! Nikakimbilia mtaroni. Nilichookota kilikuwa kimepaushwa chote na ile dawa, vumbi na vyote, nisijue lilikuwa jeusi au la manjano, na hakuna anayerudi mlimani mpaka mvua nyingine. Nilitaka kupiga kelele ploti nzima isikie. Nilitaka kushika barabara kuu niende tu. Lakini ilikuwa saa ya kumgeuza mami kitandani, nikaingia ndani.

"Wacha kulia," akasema. "Si uko na mimi?"

"Niko na wewe, mami."

Akafurahi kweli. Akanishika kwa mkono wake mzima, na hakuniachilia.